Kiberiti cha Kuomba

Kamakshi alivuka ua mvua ikinyesha, ncha ya sari kichwani, akaenda kwa jirani kuomba kiberiti.

Atchamma alikuwa barazani akipepeta mchele. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. "Nyumba yenye moto usiolala inakuja kwangu kuomba kiberiti? Leo nimeyaona, dada."

"Chetu kimelowa. Nataka kuwasha taa ya mgonjwa," Kamakshi alisema. "Na ule moto mwingine si wa kuwashia taa, unajua mwenyewe."

Atchamma alijua. Vijiji vyote vya kando ya mto Godavari vilijua. Moto wa nyumba ile ulizaliwa kwa kupekecha vijiti, asubuhi ile ambayo Kamakshi na mumewe Anantayya walikula kiapo cha kuutunza wakiwa vijana, na tangu hapo haukuachwa ufe. Haukutumiwa kupikia chakula wala kuota wakati wa baridi. Ulilishwa maziwa jua likichomoza, ukalishwa tena jua likizama. Siku mmoja wao atakapokufa, huo ndio utakaomchoma. Mmoja tu, atakayetangulia. Atakayebaki atachomwa kwa moto wa kiberiti, kama mtu yeyote.

Atchamma alimpa kiberiti, akashusha sauti, akauliza hali ya mzee. Kamakshi alijibu kwamba hamezi tena hata maji. Kisha akarudi mbio, kiberiti amekifumbata, moyo unamdunda kama wa mwizi.

Mwanawe, Prabhakara, aliporudi kutoka dukani na samli, alimkuta anatoka chumba cha moto, majivu yamempanda hadi viwikoni.

"Mama, mbona kunanuka kiberiti?"

"Nimewasha taa ya baba yako."

Kweli taa ilikuwa ikiwaka kichwani pa mgonjwa. Lakini Prabhakara alikulia nyumba ile, hakutosheka. Aliingia chumba cha moto, akachuchumaa mbele ya meko ya duara. Moto ulikuwepo, mdogo, mwekundu, unatafuna samadi kavu. Juu yake paa lilikuwa linavuja. Alirudi akamwambia mama yake kwa upole kwamba hakuna atakayemlaumu. Amekesha mno na mvua haijakatika. Kama bahati mbaya imetokea, aseme sasa, maana ipo ibada ya kuitengeneza. Kibaya ni baba kuchomwa kwa moto wa uongo.

"Niambie kweli. Ulizimika?"

Kamakshi alimtazama machoni, akaweka kiganja juu ya utosi wake. "Moto wa baba yako haujazimika hata mara moja. Naapa kwa kichwa chako."

Hakuna mama anayeapa uongo kwa kichwa cha mwanawe. Prabhakara alishusha pumzi, akaenda kupasua kuni.

Kamakshi aliketi kando ya mumewe, akawa anamfuta jasho. Alimkumbuka yule binti wa chuo kikuu aliyewahi kuja kuuliza habari za neno agnihotri. Anantayya siku hiyo alikuwa na raha. Alimweleza kwamba limetoka mbali, kwenye lugha ya sala: kuna moto ndani yake, na kuna kumimina sadaka. Ndiye yule anayeulisha moto. Wengine huiita hivyo sadaka yenyewe. Siku hizi mijini limekuwa jina la ukoo tu, akasema, wanalibeba watu wenye majiko ya gesi. Binti akacheka, akaandika, kisha akainua kalamu.

"Na huyu mama anayeamka kabla ya jua kuchochea, yeye anaitwaje?"

Anantayya alicheka mpaka akakohoa. "Huyu? Anaitwa Kamakshi."

Kamakshi naye alicheka siku ile. Aliwaletea maziwa ya moto, akaenda kuchochea.

Sasa mzee alifumbua macho. "Moto?"

"Upo."

"Umeulisha?"

"Nimeulisha."

Akafumba. Jua halijazama alikuwa amekwisha kwenda.

Kesho yake wanaume walifanya kama inavyofanywa. Waliuchota moto kwenye meko ya duara, wakautia katika vyungu, na Prabhakara akatangulia mbele ya jeneza akiukinga kwa mwavuli kama mtoto mchanga. Wanawake hawaendi mtoni. Kamakshi alisimama mlangoni akatazama ule moshi mwembamba hadi ulipopotea nyuma ya minazi. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Waliokuwa karibu walisikia kwamba anaomba radhi, wakalia naye, maana mjane yupi hana la kumwomba radhi mumewe?

Jioni Atchamma alileta wali na mchuzi wa dengu. Nyumba ya msiba haipiki. Jiko linatakiwa lilale baridi hadi siku zake zitimie. Alielekea jikoni kuviweka vyungu, Kamakshi akamzibia mlango.

"Nipe hapa hapa, dada."

"Huko ndani kuna nini, umeficha bwana mwingine?" Ulimi ulimponyoka Atchamma kama kawaida yake, akajiziba mdomo kwa aibu. Kamakshi hakukasirika. Alipokea chakula, akamrudishia kiberiti chake, akashukuru.

Alipobaki peke yake, aliingia jikoni akafunga mlango. Alipiga magoti mbele ya jiko la udongo, akaepua sufuria tupu, akafukua majivu kwa vidole. Chini kabisa kaa liliamka, jekundu, lile lile lililozaliwa kwenye vijiti asubuhi ya kiapo.

Alilimiminia maziwa kidogo, akalifunika tena kwa majivu, taratibu.

"Usilale," akaliambia. "Bado mimi."