Sahihi ya Bwana Floribert

Papa Grégoire aliukamata mkono wa Adelaïde kabla haujafika kwenye mstari wa pili.

"Kusoma ni ruhusa, binti. Kunakili ni marufuku."

Alikuwa mtunza maktaba wa chuo kidogo cha walimu, pale Nyamitaba. Alilichukua daftari la masomo ya hesabu, kurasa tisini zilizopigwa taipu na Bwana Floribert, mwalimu wa zamani wa chuo hicho, akalirudisha kwenye rafu ya akiba. Nakala nyingine haikuwapo.

"Papa, tuko bantu makumi ine, kaye ya hesabu iko moja, na mutihani iko juma ijayo," Adelaïde alisema. "Mashine ya stensili ya kuchapa inalala bure kwa biro ya chuo. Weye unalinda hii kaye sawa bibi wa pili."

Wanafunzi wenzake walicheka. Papa Grégoire hakucheka. Alionyesha tangazo lililobandikwa ukutani: daftari la akiba halichapwi bila sahihi ya mwandishi.

"Bwana Floribert yuko Mpofi, kule Walikale. Nimemwandikia. Tungoje jibu."

Alikuwa amemwandikia kila mwezi tangu vita vya mwaka wa sitini na nne, na sasa ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Barua zilishuka Walikale kwa lori la mafuta ya mawese, zikarudi kwa lori lilo hilo zikiwa bado zimefungwa. Kila iliporudi moja, aliifuta vumbi, akaandika nyingine.

Alasiri, mkurugenzi wa chuo, Bwana Benoît, aliingia maktabani akawaomba wanafunzi watoke. Alikuwa na fomu mkononi, na hakuketi.

"Papa Grégoire, mwaka jana kumi na saba walianguka hesabu. Wakianguka na hawa, shule za Masisi zitafunguliwa bila walimu."

"Sheria ni sheria, Bwana Mkurugenzi."

"Ina kifungu cha pili. Wewe mwenyewe ndiye uliyekipiga taipu."

Papa Grégoire alikijua neno kwa neno: mwandishi akiwa amefariki, mrithi wake ndiye atakayetia sahihi.

"Mrithi hutafutwa mtu akiwa amekufa," alisema. "Nani amekuonyesha kaburi?"

"Hakuna."

"Basi mwandishi yu hai, nasi tunangoja."

Bwana Benoît alitazama nje ya dirisha. "Dereva wa lori amesema tena yale yale. Kule Mpofi, ile nyumba ya walimu iliteketea na wote waliokuwa ndani. Nisamehe, Papa. Sikulazimishi."

Aliiacha fomu mezani, akatoka.

Papa Grégoire alilishusha daftari, akalifungua polepole. Katika ukurasa wa kumi, vidole vya wasomaji vilikuwa vimeufuta wino. Mwanafunzi fulani alikuwa amejaribu kuzikisia tarakimu zilizopotea, akazijaza kwa kalamu yake, na jibu likawa kosa. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na kosa jingine. Wa ishirini, mawili.

Alikaa mbele ya makosa hayo hadi ikamlazimu kuivua miwani yake. Bwana Floribert hakuwa mtu wa kukosea hesabu.

Alifungua mlango, akamwita Adelaïde.

"Chapeni arobaini. Ila hapa si kumi na tatu, ni kumi na nane. Na hapa nitawaonyesha. Msiandike uongo chini ya jina lake."

"Bwana Floribert amejibu, Papa?"

"Nendeni mkafanye kazi."

Kisha akachovya kalamu, akaijaza fomu kwa mwandiko ulionyooka, akaipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi. Penye nafasi ya mrithi palisomeka: *Grégoire, baba mzazi*. Aliomba ruhusa ya siku tatu za matanga, kwa kuwa sasa ilimpasa kwenda Kirolirwe kumwambia mkewe kwamba mtoto wao amekufa.