Wanafunzi wa Mwalimu Nduta

Kila Nduta aliponyoosha mikono kumwonyesha namna ya kupiga piano, Kihara alimwahi.

"Hapana, mwalimu. Wacha nijaribu mwenyewe."

Akarudia noti zile zile tatu kwa kidole kimoja, kidole kinene cha muuza viazi. Nduta akatabasamu. Wanafunzi wenye bidii hivi hakuwahi kuwaona.

Maisha yake aliyamaliza kwenye tango. Si tango la kachumbari. Tango ya piano, muziki wa dansi kutoka Argentina. Alipiga miaka kumi na tisa katika hoteli moja ya watalii Nanyuki, hadi meneja akanunua spika. Akahamia Kerugoya, akazipanga nyimbo za kanisa upya kwa mtindo wa tango. Kwaya iliimba mara moja tu. Akina mama walikata viuno hadi mimbarini, na Nduta akaombwa kwa heshima akamsifu Mungu kwingine. Alitunga tango arobaini na moja. Hakuna aliyeuliza kama iko ya arobaini na mbili.

Alipostaafu alihamia mtaa huu wa Nyeri na piano yake, akawa anapiga kutwa nzima, madirisha wazi. Mwezi wa pili, wanafunzi wakaanza kubisha. Leo Kihara, kesho Ngendo wa saluni, kesho kutwa Gatimu fundi viatu. Wote walifika asubuhi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda.

"Kihara," alisema siku hiyo, "wiki ijayo nasimamisha masomo. Nyinyi mmenipa nguvu. Nataka kutunga tena, asubuhi mpaka jioni."

Kihara akainuka kitini.

"Mwalimu, tafadhali. Usituache."

Machozi yakamlenga Nduta. Miaka sitini na minane alikuwa ameingoja sentensi hiyo.

"Kumbe mnaipenda tango kiasi hicho?"

Kihara alikuwa mzee wa kanisa, hakuweza kudanganya. Akaangalia viatu vyake.

"Hapana, mwalimu. Kila nyumba ya huu mtaa ilitoa mtu mmoja wa kukuzuia usipige. Ni Jumapili tu hatujapata mtu."