Dawa ya Kung'arisha Picha

Mtaalamu wa mashine ya picha hospitalini alikuwa na maneno mengi. Alimwita Lusajo "fundi", akamtania kwamba kichwa kikubwa vile hakitaingia kwenye tundu. Lusajo, mwashi aliyekuwa ameanza kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi bila hata kuteleza, alicheka, akajilaza kwenye kitanda cha mashine. Daktari alishamwambia: picha za ubongo ni dakika ishirini, sindano haihitajiki mpaka waone kitu.

Mashine iligonga kama watu wanaobomoa ukuta. Halafu ikanyamaza mapema mno, na kitanda kikatoka.

Mtaalamu alisimama pembeni, ameshika bomba la sindano lenye dawa isiyo na rangi.

"Ya nini hiyo?"

"Dawa kidogo tu, baba. Inang'arisha picha."

"Sasa ni baba? Ufundi umeniishia?"

Mtaalamu hakucheka. Alimfunga mpira mkononi, akaupapasa mshipa kwa upole.

"Mmeona nini?"

"Daktari atakwambia, baba. Usitikise kichwa."

Dawa iliingia ikiwa ya baridi, ikapanda mpaka begani. Mtaalamu akamvutia shuka kifuani, akalinyoosha pande zote mbili bila haraka, kisha akabonyeza kitufe. Kitanda kikaanza kurudi ndani.