Kona ya Momanyi

Siku hizi dereva wa mbio za magari akifa, gari lake huendelea kukimbia lenyewe kwa mtindo wake, na mjane ana haki ya kuzungushwa uwanjani kila Jumapili. Kerubo hukaa kiti cha pembeni, kama zamani, akiutazama usukani wa marehemu mumewe, Momanyi, ukijizungusha mbele ya kiti kitupu.

Momanyi alikuwa na papara. Kwenye kona ya tatu hakuwahi kusubiri; alikata ndani mapema mno, na kila mara gari lilimtupa nje mpaka kwenye nyasi. Kerubo alikuwa akishikilia mlango kwa mikono miwili, naye Momanyi akicheka. "Nisamehe, mama watoto."

Jumapili hii, walipoikaribia kona ile, Kerubo alishika mlango. Gari lilisubiri. Likaingia kwa kuchelewa, likagusa ukingo wa ndani, likatoka limenyooka.

"Tumemrekebisha, mama," fundi alisema kwenye redio, sauti yake imejaa furaha. "Sasa hakosei tena."

 Kerubo alikuwa bado ameshikilia mlango, akingoja kuombwa msamaha.