Pembe ya Gramafoni

Baada ya kumzika mama yake, Mwanapili alikuta sandukuni kidude cheusi cha duara, chenye nyaya mbili. Akampelekea Salehe, fundi wa redio.

Fundi alikigeuzageuza. “Zamani kidude kama hiki kilichomekwa kwenye mkono wa gramafoni, nyaya zikaungwa kwenye redio. Sauti ya redio ikatokea kwenye pembe ya gramafoni.”

Mwanapili akakipokea kidude. Miaka yote mama yake aliapa kwamba siku mumewe alipouawa vitani, sauti yake ilitoka kwenye pembe ya gramafoni yao ikamuaga. Watoto wake walidhani ni majonzi tu.

“Redio yenu iko wapi, dada?”

“Hatukuwahi kuwa na redio, fundi.”

Alirudi nyumbani, akakichomeka kidude kwenye gramafoni. Nyaya zilining’inia bila kuungwa popote. Akafunga madirisha, akasogeza kiti karibu na pembe, akatega sikio.