Macho Mapya ya Mwanahawa

Gari lilipopinduka, mume wangu alifariki palepale, na vigae vya kioo vikamtoboa mwanetu Mwanahawa macho yote mawili. Hospitali ikamwekea mapya, ya kielektroniki. Sheria inataka macho ya watoto wa ajali yasionyeshe kitu chochote cha kuhuzunisha. Hata kuku akichinjwa, yeye humwona amelala.

Leo ilikuwa arobaini ya baba yake. Wanawake walijaa mkekani, machozi yakiwatiririka.

"Mama, mbona wageni wote wanacheka?" aliuliza.

Shangazi yake akamjibu, "Wamefurahi kukuona, mwanangu."

Mwanzoni nikitaka kulia nilijificha jikoni. Siku hizi nalia mbele yake, kimyakimya, huku namtilia uji. Akiniona tu, naye anacheka, ili nisicheke peke yangu.