Matembezi ya Cremona

Josué, mwana wa Maman Véronique, alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu Jumanne asubuhi, akisema anakwenda Kigoma kutafuta betri ya redio na kesho yake atarudi. Hakurudi. Wiki tatu baadaye tangazo lilibandikwa ubaoni: familia ya Maman Véronique imepangiwa ndege ya Amerika, na ndege haingoji mtu. Maman alilia siku mbili, kisha akafunga mizigo. Matumaini, kijana wa jirani, alimbebea begi mpaka ndani ya ndege.

Ikapita miaka minane Haltom City, Texas, bila habari za Josué. Matumaini alifanya kazi ghalani, akampeleka Maman kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akampikia bugali laini. Kanisani walimsifu kwamba vijana wa namna yake wamekwisha. Akisifiwa alitazama viatu vyake.

Halafu ikaja sauti kwenye simu. Josué alikuwa hai, yuko Italia ya kaskazini, katika mji uitwao Cremona, anafagia karakana ya mafundi wa fidla.

Maman, ambaye sukari ilikwisha kumla macho, alilia, akacheka, kisha akatoa amri. Kwa kuwa yeye hawezi kwenda, atembezwe mji huo kwa mdomo.

Basi kila Jumapili baada ya ibada Matumaini alimshikia simu sikioni, na Josué akamtembeza mama yake. Alimpandisha mnara wa kengele wa matofali, ngazi zaidi ya mia tano, wenye saa kubwa inayoonyesha hata mwendo wa mwezi.

"Mnara wote huo wa nini?" Maman aliuliza. "Kuchungulia sufuria za jirani?"

Alimwingiza karakana, ambamo mbao huachwa zikauke miaka mingi kabla fundi hajazigusa. Alimwonjesha halua ya lozi na asali, ngumu kiasi cha kumvunja jino. Na mwisho hakukosa kusema, "Msalimie Matumaini. Mwambie namshukuru anavyokutunza."

Hapo Matumaini alizima simu upesi, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwezi wa nane daktari alisema moyo wa Maman umechoka. Josué akaamua kuja, hata kwa wiki mbili tu. Alihitaji barua ya mwaliko kutoka kwa mama yake, yenye jina la mwana na tarehe yake ya kuzaliwa. Mwandishi wa Maman alikuwa Matumaini, na barua ikachelewa wiki tano. Mara mashine ya kuchapa imeharibika, mara zamu zimebadilishwa, mara ana mafua.

Kethia, jirani yao, alimtania mbele ya watu. "Sema ukweli, kaka. Unaogopa kugawana Maman."

Watu walicheka. Matumaini naye alicheka.

Jioni hiyo Maman alimwita aketi karibu. Alimpapasa uso kama anayehesabu mifupa yake.

"Andika, mwanangu. Nataka kumshika kabla sijafa. Kosa ni langu."

"Ni letu, Maman."

Akaandika jina, akaandika tarehe, akatuma.

Josué aliazima tai, akapanda treni hadi Milano kwa mahojiano ya viza ya Amerika. Ujumbe wake wa sauti uliingia Alhamisi adhuhuri. Safari hii hakuanza na salamu.

"Maman, wametazama kompyuta. Wanasema Josué mwana wa Véronique, mzaliwa wa Fizi, tarehe ile ile, aliingia Texas na wewe ndege moja na mpaka leo yuko hapo. Wameniuliza mimi ni nani."

Maman aliomba urudiwe. Matumaini akaurudia. Hakuomba tena.

Siku hizi Jumapili simu hailii. Kila asubuhi ghalani msimamizi husoma majina ya zamu. Akifika kwa Josué, Matumaini huitika.